Kuunda objekti kwenye JavaScript: klasi au funksheni?

JavaScript, lugha ya programu, ilipopewa neno class (klasi, yaani kiolezo cha kuundia objekti) mwaka 2015, waliotoka kwenye Java, lugha nyingine inayotegemea klasi, walishusha pumzi. Wengine walinung'unika, na mvutano haujaisha: ukitaka objekti (data pamoja na kazi zake) nyingi za aina moja, uandike klasi, au funksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) ya kawaida inayorudisha objekti?

Walionung'unika wana hoja nzito. Brendan Eich alipoibuni lugha hii pale Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1995, wazo la prototaipu alilitoa kwenye lugha ya Self: objekti ikikosa kitu, hukitafuta kwa objekti iliyo nyuma yake. Utaratibu huo haujabadilika. Class imevikwa juu yake tu. Anayejifunza klasi bila kuujua atababaika siku mambo yakimharibikia.

Na huharibika hivi. Klasi Akaunti ina metodi (funksheni ya ndani ya klasi) onyesha, inayosoma this.salio, yaani salio la objekti iliyoitiwa metodi hiyo. Ukiita akaunti.onyesha(), unapata salio. Ukiandika setTimeout(akaunti.onyesha, 1000), yaani iitwe baada ya sekunde moja, this haielekei tena kwenye akaunti, na unaletewa undefined, yaani hakuna thamani. Funksheni undaAkaunti(salio) haina shida hiyo: onyesha inakisoma kigeu salio moja kwa moja, nacho kimefungiwa ndani, wa nje hawezi kukichezea. Klasi zilipata siri ya namna hiyo, kwa alama ya #, kwenye toleo la sanifu la 2022. Ni kuchelewa kweli.

Hata hivyo, funksheni ina gharama. Kila objekti inabeba onyesha yake, kwa hiyo akaunti 10,000 ni funksheni 10,000 kwenye kumbukumbu, wakati klasi inatosheka na moja. Kwenye orodha ya bidhaa 50 hutaona tofauti. Kwenye mchezo unaozalisha maelfu ya objekti kila mara, utaiona. Tena ukisahau new, neno la kuunda objekti kutoka kwenye klasi, klasi inagoma papo hapo kwa kutoa kosa.

Kwa maoni yangu, anayeanza asikimbilie klasi. Kama ni mipangilio ya programu, objekti moja ndani ya mabano {} inatosha; zikihitajika kadhaa, funksheni inasomeka vizuri na mitego yake ni michache. Klasi naiweka kwa objekti nyingi mno, au pale unaporithi kitu kilichokwishaandikwa hivyo. Ukitaka aina yako ya kosa, extends Error (kurithi klasi ya makosa iliyomo kwenye lugha) ni mistari michache iliyonyooka, na kuikwepa kwa sababu ya msimamo ni kujitesa bure.