Pima Kenchi Kabla ya Kutamani Lifti

Shemeji yangu alinikuta Jumamosi moja nimelala chali chini ya gari langu, IST, mgongo juu ya kadibodi, oili ikinichuruzika kiwikoni. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Shemeji, umri huu bado unatambaa uvunguni? Nunua lifti ya nguzo mbili kama za gereji kubwa, uishi kama mtu."

Maneno yale yalinikaa. Karibu mwaka mzima nilikuwa nikiziwaza hizo nguzo. Sasa nimeshatulia, na nasema bila kumung'unya: kwa viwanja vyetu vya hapa Tanga, hasa kule Ngamiani ambako ukifungua mlango wa gari unagonga ukuta wa jirani, lifti ya nguzo mbili ni tamaa ya macho tu.

Kilichonizindua ni futi kamba. Kibanda changu cha gari, kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, yaani mbao za paa, kina mita 2.75. IST ina kimo cha mita 1.5 na ushee. Ukiipandisha mita 1.2, kati ya paa lake na mbao zangu hapapiti hata kiganja. Prado ya huyo huyo shemeji ina karibu mita 1.9, kwa hiyo ikinyanyuka sentimita 85 inagusa mbao. Lifti ya nguzo mbili imeundwa kubeba gari mpaka usimame wima chini yake, yaani mita 1.8 hivi. Nitaitumia nusu, na nusu nyingine nitaitazama. Ni sawa na kununua jahazi ukavulie kisimani. Zile zenye boriti inayounganisha nguzo kwa juu mara nyingi huhitaji dari la zaidi ya mita 3.5, na hata zile fupi zinazopitisha nyaya na mipira chini, nguzo zake zenyewe hufika karibu mita 2.8. Hazisimami kwangu hata zikiwa tupu. Upana nao usisahau: mita 3.4 au zaidi toka nje ya nguzo moja hadi nje ya nyingine, kabla hujaweka meza ya spana.

Tena mtu asipime gari likiwa limefungwa boneti. Nilijifunza hilo kwa jeki na stendi tu, nilipofungua mlango wa nyuma wa IST ikiwa juu ukaenda kugonga mbao. Alama ipo mpaka leo, kwenye mlango na kwenye mbao.

Halafu kuna sakafu, na hapa ndipo watu wengi hudanganyana. Nguzo mbili hufungwa kwa bolti kwenye zege, na zile bolti ndizo zinazozuia tani mbili zisikuangukie. Watengenezaji hutaka zege imara la sentimita 10 hadi 15, lisilo na nyufa, lililoachwa likomae siku 28. Sakafu nyingi za majumbani kwetu ni zege jembamba lililomwagwa juu ya kifusi, likapakwa niru likapendeza. Tunaishi mji wenye kiwanda cha saruji pale Pongwe, lakini bado utamkuta mtu anachanganya zege na mchanga wa baharini kwa sababu ni wa bure. Chumvi ile huila nondo taratibu, na juu ya sakafu huoni kitu.

Wazee wa gereji watasema chimba shimo. Kwa mtu wa Raskazone, kule kando ya bahari, masika ikiingia shimo hilo utafugia kambale. Na hata likiwa kavu silipendi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini humo, na wewe umeshuka na taa ya waya mkononi. Gari lenyewe likiegeshwa juu, huna njia ya haraka ya kutoka.

Kwangu mimi jibu ni lifti ya mkasi ya kimo cha kati. Hulala chini gari likipita juu yake, hunyanyua kutoka katikati hadi mita 1 au 1.2, na nyingi hubeba tani 2.7 hadi 3. Breki, shokapu, bushi, boljointi: kazi zote hizo unafanya umekaa kwenye kigoda. Ubaya wake ni kwamba chuma chake kinaziba tumbo la gari, kwa hiyo kushusha gia boksi ni mateso. Mwenye kazi hizo kila mara atafute ile ya vipande viwili inayoachia nafasi katikati, japo hiyo hunyanyua kama nusu mita tu, na kadibodi hutaiaga.

Uliza pia habari za umeme. Mota ya njia moja inatosha nyumbani, usikubali kuuziwa ya njia tatu kwa sababu ni rahisi. Swali ambalo wauzaji hawalipendi ni hili: umeme ukikatika gari likiwa juu, linashukaje? Lifti ikishakaa kwenye kufuli zake za chuma, na lazima ikae, usitegemee oili peke yake, kuifungua hubidi kwanza uinyanyue kidogo. Bila umeme utainyanyua na nini? Zipo zenye pampu ya mkono, na zile ndogo za vipande viwili zipo zinazotumia betri ya volti 12. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini gari la mgeni wako litalala hewani.

Na upepo wa bahari haubagui. Pini na kufuli zipakwe grisi kila mara, la sivyo zitaganda kwa kutu.

Shemeji mpaka leo anasema nilinunua lifti ya kitoto. Juzi alileta Prado, tukaipandisha sentimita 60, tukaiketisha kwenye kufuli. Alikivuta kigoda changu mwenyewe, akaanza kufungua shokapu, mimi nikabaki nimesimama kwa sababu kigoda kingine sina.