Na yule mtoto mwingine je?

Kitabu nilikilaza juu ya mto na kukishikilia kwa kiwiko, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Binti yangu alikuwa na umri wa siku 12 na bado hajaambiwa na mtu kwamba usiku ni wa kulala. Saa tisa anaamka, ananyonya, namcheulisha begani, anasinzia. Mimi usingizi umeshanikimbia, basi nasoma kurasa mbili tatu mpaka atakapoamka tena. Ndivyo nilivyoimaliza, kwa siku nne, riwaya ya taharuki ya kurasa karibu 400 kuhusu utabiri na mtoto mchanga asiye wa kawaida. Jina lake silitaji. Makosa nitakayoyasema si ya mwandishi yule peke yake, na kitabu kinachomfanya mzazi asiyelala akeshe kwa hiari yake kina haki ya kuheshimiwa kidogo.

Kisa chenyewe mnakijua hata kama hamjakisoma. Kuna maneno ya kale yaliyofichwa na watu wachache: mtoto atakayezaliwa usiku wa kupatwa kwa mwezi, akiwa na alama nyekundu kisogoni, atauangusha ukoo fulani wenye nguvu. Mtoto anazaliwa. Wapo wanaotaka kumwua na wapo wanaotaka kumfanya mungu mdogo. Mama anakimbia naye. Kila sura ikikaribia kwisha, mlango unagongwa.

Kwenye hiyo alama kisogoni nilicheka peke yangu gizani. Binti yangu anayo. Muuguzi alinionyesha siku ya kwanza, akiupeperusha ule unyoya wa nywele kwa kidole: wekundu uliotanda kama chai iliyomwagika. Akaniambia watoto wengi sana huzaliwa na alama za namna hiyo. Zilizo kwenye kope hufifia mtoto akikua, za kisogoni mara nyingine hubaki zimefichwa na nywele maisha yote, na hazina neno. Kwa kipimo cha riwaya ile, wadi tuliyolala ilikuwa imejaa wateule.

Nina malalamiko mengine ya kimama, niyatoe yaishe. Mtoto wa kitabuni hanyonyi. Mtoto mchanga wa kweli hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na asiponyonya dunia nzima itajua. Yule wa riwaya amebebwa siku tatu milimani, akafichwa ghalani, akapitishwa chini ya lori, na kila mara tunaambiwa "alilala fofofo kifuani mwa mamaye". Halafu anapokutana na mzee mwenye siri, anamwangalia kutoka upande wa pili wa chumba kwa macho yenye hekima ya miaka elfu. Kwa umri huo mtoto anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa anayemnyonyesha. Huyo mzee kwake alikuwa ukungu.

Sisemi haya kwa ubishi wa kitaalamu. Nasema kwa sababu mwandishi alikuwa na taharuki ya bure mkononi akaitupa. Mama yumo ndani ya kabati, nguo za mtu mwingine zinamgusa uso. Juu, kwenye mbao za dari, mtu anatembea polepole, anasimama, anatembea tena. Kifuani mtoto anaanza kugeuza kichwa, huku na huku, mdomo wazi, anatafuta. Analeta ngumi mdomoni, anainyonya, anaiacha. Kila aliyewahi kulea anajua bado dakika moja, pengine haifiki, kabla ya kilio. Vifungo vya blauzi ni vitano na vidole vinatetemeka. Hapo hakuna haja ya unabii wala kupatwa kwa mwezi.

Lakini mwandishi alitaka unabii, na hapa ndipo ninapotaka kubishana naye kwa dhati.

Utabiri katika hadithi ni kama bima. Ukishaniambia kwamba mtoto huyu, akiwa mtu mzima, ndiye atakayeuangusha ukoo ule, umeshaniambia pia kwamba hatakufa ukurasa wa 90. Anaweza kutekwa, kutupwa mtoni, kuachwa porini na mbwa mwitu, atapona tu. Katika kitabu kizima, yeye ndiye mtu pekee aliye salama. Sasa kwa nini kila sura kisu kinawekwa kooni pake? Mtu wa hatarini ni mwingine. Hadithi ya Oedipus, ya Wagiriki wa kale, inalijua hilo vizuri: kichanga kinatobolewa vifundo vya miguu na kutolewa kikatupwe mlimani, lakini anayestahili kuhofiwa hapo ni yule baba aliyetoa amri, maana ndiye aliyetajwa kuwa atauawa.

Hadithi ya utabiri iliyonitisha kuliko zote haina mteule ndani yake. Imo katika Alfu Lela Ulela, inasimuliwa na darweshi wa tatu mwenye chongo. Mzee mmoja tajiri anapata mtoto wa kiume uzeeni. Wanajimu wanamwambia kijana atauawa akiwa na miaka 15, na muuaji wanamtaja kwa jina: Ajib mwana wa Khasib. Wakati ukikaribia, mzee anamficha mwanawe kisiwani, ndani ya nyumba iliyochimbwa chini ya ardhi, na chakula cha kutosha, mpaka siku za hatari zipite. Mtu mmoja aliyevunjikiwa na chombo anaigundua ile nyumba, anashuka, anamkuta kijana. Wanakuwa marafiki. Kijana anamsimulia kisa chake chote, na mgeni anaposikia jina la muuaji anashtuka, kwa sababu ni lake. Anakaa kimya. Anaapa moyoni kumlinda kijana yule, anampikia, anamwogesha, anacheza naye. Siku ya mwisho inafika, baba yuko njiani kuja kumchukua mwanawe akiwa hai. Kijana anatamani tikiti maji. Kisu kiko juu, kwenye rafu, usawa wa kichwa chake alipolala. Ajib anapanda kukichukua, anageuka, mguu unateleza.

Soma tena uone mtoto yule ni nani. Hatakuwa mfalme wala hatakomboa taifa. Hana alama mwilini. Utabiri haukusema ana thamani gani kwa dunia, umesema tu kwamba atakufa, na thamani yote inatoka kwa mzee aliyemchimbia nyumba chini ya ardhi. Ndiyo maana lile tikiti linaumiza.

Riwaya za mtoto mteule zimekosea palepale. Zinadhani tutamhofia mtoto kwa sababu ni wa pekee. Mimi nilipokuwa naamka usiku kuweka kiganja juu ya tumbo la binti yangu nihakikishe linapanda na kushuka, sikuwa namlinda mteule.

Kuna jambo la pili, na hili linanisumbua zaidi, kwa sababu ukishaliona huachi kuliona. Kila mtoto aliyetabiriwa ana watoto wengine waliolipa. Katika masimulizi ya Krishna, mungu wa Wahindu, mfalme Kamsa anasikia sauti ikimwambia kwamba mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndiye atakayemwua. Anataka kumwua dada papo hapo. Mumewe, Vasudeva, anamwokoa kwa kuahidi kumkabidhi kila mtoto atakayezaliwa. Kama unatafuta namna ya kujenga taharuki, hakuna iliyo safi kuliko kuhesabu hadi nane. Tunakumbuka usiku wa nane vizuri: baba anavuka mto Yamuna na kichanga, anambadilisha na mtoto wa kike wa nyumba nyingine, anarudi gerezani kabla ya mapambazuko. Lakini kabla ya huyo kulikuwa na sita, mmoja mmoja, waliouawa. Wa saba aliponea kwa muujiza, akahamishiwa tumbo lingine. Sita wale walibebwa tumboni miezi mingapi kwa jumla? Na yule mtoto wa kike aliyepelekwa gerezani badala ya Krishna, Kamsa alimkamata ili ampasulie jiweni. Masimulizi yanamwokoa kwa kumfanya mungu wa kike anayepaa na kumcheka mfalme, na naona kama hata wasimulizi wa kale hawakuvumilia kumwacha tu.

Injili ya Mathayo nayo haikuwaficha watoto wa Bethlehemu waliouawa, wa miaka miwili na chini yake. Inasimama kidogo, inamleta Raheli akiwalilia wanawe, anakataa kufarijiwa. Mstari mmoja, lakini upo.

Ila mfano ninaourudia sana ni wa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, katika kitabu chake cha kwanza. Astyages, mfalme wa Wamedi, anaota mzabibu unachipuka kutoka kwa binti yake Mandane na kutanda Asia nzima. Wafasiri wa ndoto wanamwambia mjukuu atatawala badala yake. Mtoto anazaliwa, ndiye huyo Cyrus ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Koreshi. Mfalme anampa Harpagus, mtu wake wa karibu, amri ya kuua. Harpagus anakwenda nyumbani analia, hataki damu ile mikononi mwake, anamsukumia kazi mchungaji wa ng'ombe wa mfalme. (Hiyo peke yake ni riwaya: amri inashuka ngazi kwa ngazi, kila mmoja anamtafuta aliye chini yake.) Mchungaji anafika nyumbani na kichanga kilichovikwa dhahabu na nguo za rangi. Mkewe, Spako, amejifungua siku hiyohiyo. Mtoto wake amezaliwa amefariki.

Spako ndiye anayetoa wazo. Wanamchukua mtoto wao, wanamvika mapambo ya mtoto wa mfalme, wanamlaza ndani ya kapu lile, na mumewe anampeleka mlimani. Watu wa Harpagus wanakuja kuhakikisha maiti, wanaizika.

Herodotus anamaliza hayo yote kwa mistari michache, wala hadithi haipungui kasi, na ninasema hivi kwa faida ya wale watakaoniambia taharuki haina nafasi ya majonzi, sharti ikimbie. Inakimbia na bado mwanamke yule tunamwona. Amezaa asubuhi. Maziwa yanakuja bila kujua kwamba hakuna wa kuyanyonya, kisha mlango unafunguliwa na mtoto wa mtu mwingine analia njaa. Anamnyonyesha wake huyu mpya huku nguo za kifahari zikivalishwa yule wa kwanza. Nipe riwaya inayokaa ndani ya chumba hicho sura tatu, mimi nitasahau kuuliza kama mzabibu utafunika Asia.

Riwaya niliyosoma ilikuwa na mlango huohuo na ikapita bila kuingia. Usiku ule wa kupatwa kwa mwezi wanawake wawili wanajifungua wodi moja. Muuguzi aliye upande wa wema anasikia viatu kwenye korido, anabadilisha vitambulisho vya mkononi vya vichanga, na wale watu wanaondoka na mtoto asiye na alama. Ukurasa wa 63. "Yule mwingine hakuonekana tena." Aya inafuata, mama wa mteule yuko garini, mvua inanyesha, tunakimbizwa.

Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka karatasi kwa usingizi. Sikuruka. Nikajisemea mwandishi ni mjanja, anamweka akiba, atamleta mwishoni. Nikasoma kurasa mia tatu na kitu nikimsubiri. Kila mlango ulipogongwa nilidhani ni mama yake amekuja kuuliza. Mteule alipona mara tisa (nilihesabu), ukoo wenye nguvu ukaanguka, muuguzi akapewa shukrani na kitambulisho kipya cha kuishi nacho nchi nyingine. Mama wa pili hakupewa hata jina. Tunachojua ni kwamba alikuwa kitanda cha dirishani na kwamba kofia ya mwanawe ilikuwa ya njano, ameifuma mwenyewe, imelegea kidogo.

Na hilo linaniambia mwandishi alimwona. Hakuna aliyemlazimisha kuweka kofia, wala kusema imelegea. Kwa sekunde kadhaa alisimama pale dirishani, halafu utabiri ukamwita akaondoka.

Mwisho wa kitabu kuna tangazo kwamba sehemu ya pili inakuja. Binti yangu sasa ana miezi mitano na saa tisa usiku analala, mara nyingine. Nitainunua. Nitapekua kwanza nikitafuta rangi ya njano, ndipo nianze ukurasa wa kwanza.