Sijamtaja Mtu

Aliyewahi kukaa kwenye taarabu ya harusi anaijua dakika hiyo. Mwimbaji anafika kwenye ubeti wenye ncha, mwanamke mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza kwa madaha, lakini macho yake yako meza ya tatu. Jina halikutajwa, na ukumbi mzima umeelewa. Kesho yake akiulizwa, atasema aliupenda wimbo tu.

Klaus Mann, mwandishi wa Kijerumani aliyeihama nchi yake mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka, alifanya jambo hilohilo kwa riwaya nzima. Kitabu chake, Mephisto, kilitoka Amsterdam mwaka 1936, maana Ujerumani kisingethubutu kuonekana. Kinamfuata mwigizaji Hendrik Höfgen tangu akiwa kwenye jumba la maigizo la Hamburg lisilo na fedha, katikati ya miaka ya 1920, hadi anapokabidhiwa jumba la serikali jijini Berlin na mkubwa mmoja wa Kinazi anayempenda. Ukurasa wa mwisho una tamko fupi la mwandishi: waliomo humu ni vielelezo vya aina za watu, si sura za watu fulani. Yaani, sijamtaja mtu.

Aliyekuwa meza ya tatu ni mwigizaji Gustaf Gründgens. Naye alijijengea jina kwenye jukwaa dogo la Hamburg. Naye alipata sifa Berlin mwaka 1932 kwa kuigiza Mephisto, yule shetani wa Faust ya Goethe. Naye alikabidhiwa jumba la serikali mwaka 1934, na aliyemkabidhi ni Hermann Göring, mmoja wa wakubwa wa Kinazi. Tena hawakuwa wageni kwa wageni: mwaka 1926 Gründgens alimwoa Erika, dada yake Klaus, wakaachana 1929. Mwandishi alikuwa anamwandika shemeji yake wa zamani.

Gazeti la wahamiaji wa Kijerumani mjini Paris lilipoanza kuichapa riwaya hiyo kwa mfululizo, lilitangaza bila kuuma maneno kwamba ni habari za Gründgens. Mann akapeleka telegramu ya kupinga. Lakini wazo lenyewe lilitoka kwenye barua ya rafiki yake, mwandishi Hermann Kesten, mwaka 1935: mbona usiandike juu ya mwigizaji shoga anayepanda cheo kwa kuwatumikia Wanazi? Aliyekusudiwa alijulikana. Fumbo mfumbie mjinga.

Kesi ilikuja baadaye sana. Gründgens alifariki Manila mwaka 1963, na mwanawe wa kulea akamshtaki mchapishaji wa Ujerumani Magharibi aliyetaka kuitoa riwaya. Mwaka 1966 mahakama ya rufaa ya Hamburg iliipiga marufuku, 1968 mahakama kuu ya shirikisho ikaunga mkono, na Februari 1971 shauri likafika Mahakama ya Katiba. Majaji sita waligawanyika watatu kwa watatu. Kwa kuwa kura zilifungana, marufuku ikabaki.

Waliosimama upande wa marehemu walikuwa na hoja, na msomaji wa Kiswahili anaielewa kwa haraka: asiyekuwapo na lake halipo. Aliye hai akifumbwa anaweza kujibu, anaweza hata kutunga ubeti wake. Maiti hajibu. Isitoshe, riwaya ya namna hii inachanganya mchele na chuya. Msomaji anayeona kwamba ndoa ni ya kweli, cheo ni cha kweli na nafasi ya Mephisto ni ya kweli, ataamini na yaliyobaki, wala hana ungo wa kupepetea.

Na kwenye hayo yaliyobaki, mimi naona Mann alikosea pabaya kuliko pote. Kwa kutotaka kuutoa hadharani ushoga wa Gründgens (Mann mwenyewe alikuwa shoga), alimtungia Höfgen siri nyingine: Juliette, mwanamke mweusi, baba yake mhandisi wa Hamburg na mama yake Mwafrika, ambaye humfundisha Höfgen kucheza dansi na kumchapa mjeledi kwa kumstarehesha. Höfgen anapopanda cheo, anamkamatisha na kumwondosha nchini. Kama tukio, linaonyesha ukatili wake barabara. Lakini Juliette mwenyewe hana uhai. Ni kinyago cheusi kilichovishwa siri ya mtu mweupe, na lugha anayoelezwa nayo ni ileile ya wakoloni. Mwandishi aliyewachukia Wanazi kwa dhati hakuliona hilo.

Halafu kuna suala la muda. Kitabu kilifungwa mwaka 1936 wakati maisha ya Gründgens yakiendelea. Mwigizaji na mwimbaji wa Kikomunisti Ernst Busch alipokamatwa mwaka 1943 na kukabiliwa na hukumu ya kifo, aliyemtafutia mawakili ni Gründgens. Vita vilipokwisha na Gründgens akawa kizuizini mwa Warusi, Busch naye alisaidia atoke. Hayo Mann hakuweza kuyajua. Ila kumhukumu mtu safari ikiwa nusu kuna gharama yake, na anayeilipa ni yule anayehukumiwa.

Pamoja na hayo, bado nasimama na kitabu. Sababu yangu haimo kwenye kurasa za Berlin zenye majenerali na taa nyingi. Imo kwenye kurasa za Hamburg.

Pale jumba linahema kwa taabu. Mkurugenzi Kroge anataka michezo yenye maana, na daftari la mauzo ya tiketi linamsuta. Waigizaji wamejazana kantini, na Höfgen, nyota wa jumba, anakula kwa kuandikiwa deni huku akiongea kama bwana mkubwa. Ulrichs, Mkomunisti, amepanga naye jukwaa la wanamapinduzi, na Höfgen anaunga mkono kwa maneno ya moto. Kila siku ya kuanza inapokaribia, anapata udhuru: amechoka, mishipa imemzidi, tusubiri msimu ujao. Kijana Miklas amekonda, amejaa uchungu na amejiunga na Wanazi kwa sababu wao ndio waliomwambia kwamba njaa yake ina mwenyewe wa kulaumiwa. Ulrichs na Miklas wote wawili wataishia kuuawa na utawala huo, yule kwa kuupinga na huyu kwa kugundua kwamba alidanganywa. Atakayebaki ni mwenye udhuru.

Hakuna hati ya kumbukumbu inayoweza kukuonyesha hilo. Hati itakupa tarehe ya uteuzi. Riwaya inakuonyesha kwamba siku ya uteuzi mtu alikuwa amekwisha kujizoeza miaka kumi kusema ndiyo mdomoni na hapana mguuni. Kama ingelazimika kumkwepa kila aliyewahi kuishi, ingebaki kuandika habari za malaika.

Höfgen anamaliza kitabu akilia kwamba watu wanamtaka nini, yeye ni mwigizaji wa kawaida tu. Nikifika hapo humkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, aliyefika Berlin mwaka 1929 kudai malimbikizo ya mshahara wa vita. Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Alihudumu mezani kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, alifundisha Kiswahili chuo kikuu, na aliigiza nafasi ndogondogo kwenye filamu, mojawapo ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani. Huyo ndiye mwigizaji wa kawaida. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mweupe, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Hakuwa na Göring wake, na hakuna mahakama iliyokaa kujadili heshima yake.

Majaji wa 1971 walisema jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika: kadiri kumbukumbu ya marehemu inavyofifia, ndivyo ulinzi wake unavyopungua. Mwaka 1981 mchapishaji mwingine alilishika neno hilo, akaitoa riwaya bila kuomba ruhusa. Hakushtakiwa na mtu. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya István Szabó iliyotokana na riwaya hiyo, ikaenda kuchukua Oscar.

Mann hakuyaona hayo. Mwaka 1949 mchapishaji mmoja wa Kijerumani alimrudishia mpango wa kuitoa, akieleza kwamba Gründgens alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa tena. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, Mann alifia Cannes kwa dawa za usingizi, na miaka michache kabla alikuwa amejionea mwenyewe ukubwa huo. Mwaka 1946, akiwa sasa raia wa Marekani, alirudi Berlin iliyobomoka na kukaa kati ya watazamaji siku Gründgens aliporejea jukwaani kwenye tamthilia ya Carl Sternheim. Gründgens alitokea. Kabla hajatamka neno hata moja, ukumbi ulilipuka kwa makofi, akasimama tu akisubiri yaishe.