Hesabu Mapumziko Kabla ya Noti

Msimu wa usajili wa mitihani ya muziki unapokaribia, mzazi mmoja au wawili hunifuata katika ukumbi wa kanisa ninamofundishia hapa Dodoma, mkononi wakiwa na orodha ya vipande, na swali lao huwa ni lile lile: "Mwalimu, kipi hapa ni chepesi?" Wanachokitazama ni weusi wa ukurasa. Uliojaa noti ndogo ndogo huonekana wa wakubwa, na wenye noti nyeupe ndefu huonekana wa mtoto. Kwa mwanafunzi wa piano huenda kipimo hicho kikasaidia kidogo, lakini kwa obo na basuni, vyombo vya kupuliza vyenye ulimi wa matete, kinapotosha. Kwa maoni yangu, kinachopaswa kuhesabiwa kwanza katika kipande chochote cha obo ni mapumziko, yaani zile nafasi ambazo mpigaji anaweza kuondoa mdomo na kuhema.

Sababu imo katika chombo chenyewe. Obo hupulizwa kupitia ulimi wa matete mawili membamba yaliyofungwa pamoja, na upenyo uliopo kati yake ni mdogo kiasi kwamba pumzi haimalizwi. Hubaki kifuani ikiwa imechakaa, na mpigaji hujisikia anakabwa ilhali mapafu yamejaa. Kwa hiyo hana budi kutoa hewa ya zamani kwanza ndipo avute mpya, na hayo ni matendo mawili yanayodai muda. Wasomaji wa pwani wanaoijua zumari watanielewa upesi, maana nayo ina ulimi wa jamii hiyo, ila mpiga obo huubana ulimi wake kwa midomo iliyokunjwa juu ya meno, na midomo hiyo ndiyo inayochoka mapema kuliko vidole.

Kosa la kutohesabu nimelifanya mimi mwenyewe. Mwanafunzi wangu aliyekuwa akijiandaa kwa daraja la 8, lile la juu kabisa, nilimpa Romance (kipande kifupi cha hisia) ya kwanza kati ya zile tatu ambazo mtunzi Mjerumani Robert Schumann alizitunga mwaka 1849 kwa ajili ya obo na piano. Mwendo wake ni wa taratibu, noti zake zinasomeka bila shida, na mapumziko yake ni ya kutafuta kwa tochi. Nyumbani aliupiga mstari mmoja mmoja vizuri sana. Siku tulipokipitia chote mbele ya wazazi, alipofika ukurasa wa pili pembe za midomo zilianza kutetemeka, hewa ikavuja pembeni, na sauti ikashuka nusu hatua nzima mbele ya watu waliokuja kumsifu. Hakuwa mvivu. Kipande kilikuwa kizuri, ila mchaguzi hakuhesabu.

Baada ya hapo nilikimbilia konseto za karne ya 18, yaani vipande vya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, nikijua kwamba ndani yake piano hushika nafasi ya okestra na kumpa mpigaji wa obo muda wa kupumzika. Huko nako kuna mtego. Kanuni za ABRSM, bodi ya London ambayo mitihani yake ndiyo tunayoifuata zaidi katika darasa langu, zinataka sehemu ndefu za piano peke yake zifupishwe, hivyo pumziko la mistari mitatu kwenye kitabu laweza kubaki mapigo manne mbele ya mtahini. Tia alama za kukata kwa penseli kwanza, kisha uhesabu kilichobaki. Na umkumbuke mpiga kinanda wako, ambaye hapa kwetu aghalabu ni yule yule wa kwaya ya Jumapili: piano iliyobanwa kutoka kwenye okestra huwa ngumu kwa mikono, na si haki kumkabidhi wiki mbili kabla ya mtihani.

Basuni ina hesabu yake. Hiyo hula hewa nyingi, bomba lake likiwa na urefu wa takribani mita 2.5 lililokunjwa, na gumba la kushoto hubeba vibonyezo vingi kuliko kidole kingine chochote. Kwa mtoto mwenye viganja vidogo natazama mirukio kati ya noti za chini kabisa na za juu, ambayo mtunzi Mwitaliano Vivaldi aliipenda mno, kabla ya kutazama kasi. Ufunguo wa tena, yaani alama ya mwanzo wa mstari inayobadilisha mahali pa kila noti, unaowatisha wengi katika madaraja ya juu, huwasumbua kidogo tu wanafunzi wangu waliokulia kwenye solfa ya do-re-mi, kwani wamezoea do kuhama.

Katika mtihani wa kawaida vipande vitatu hubeba alama 90 kati ya 150, na kufaulu ni 100, kwa hiyo uchaguzi si jambo la kupambia tu. Katika ule wa kurekodi video, ulioanzishwa mwaka 2020, vipande ni vinne na hupigwa mfululizo bila kusimamisha kamera. Huko mimi humwambia mpiga obo aanze na chenye mapumziko machache, midomo ikiwa bado mibichi. Kipande cha nne ni cha hiari mradi uzito wake ulingane na daraja, na natamani siku moja niwaone wanafunzi wetu wakikitafuta katika nyimbo za Wagogo badala ya kuongeza minueti nyingine, ile dansi ya kale ya Ulaya.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja na swali lake la kila mwaka, bintiye akiwa pembeni na obo mapajani. Ukame wa hapa hukausha ulimi wa matete haraka, kwa hiyo kikombe cha maji kilikuwa mezani nao ulimi ukiwa umelowekwa humo. Nilimpa mama penseli, nikamwomba azungushie duara kila pumziko katika kipande alichokipenda. Alipata mawili. Akakifungua kile chenye weusi mwingi, ambacho alikuwa amekwisha kukiweka kando, akapata kumi na moja. Binti alichukua ulimi kutoka kwenye kikombe, akaukung'uta, akauchomeka, akaomba tuanze na hicho.