Kiuno Kimerudi Tena

Ningependa kufahamishwa ni nani hasa anayekaa na kupitisha kwamba kuanzia mwaka huu mwanamke awe na kiuno chembamba, na baadaye asiwe nacho kabisa, kwa sababu gharama za uamuzi huo hutuangukia wanaume ambao hatukualikwa kwenye kikao.

Waume wa Ulaya waliteseka kabla yetu. Mwaka 1856 krinolini ya chuma ilipata hataza, yaani hati ya kulinda haki ya uvumbuzi. Hiyo ni tundu la pete za chuma lililofungwa kiunoni ili kuitanua sketi, na wanawake walilishangilia kwa kuwa liliwaondolea mzigo wa magagulo mazito yaliyovaliwa moja juu ya jingine. Mume, ambaye sasa hakuweza hata kumkaribia mkewe kwenye kochi, hakuulizwa. Miaka ya 1870 upana ukahamia nyuma, kikaja kifaa cha kutunisha makalio, kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba sponji zinazouzwa madukani leo ni uvumbuzi wa vijana wa mjini.

Nafuu ilichungulia mwaka 1914, Mary Phelps Jacob wa Marekani alipopewa hataza ya sidiria ambayo ya kwanza aliishona kwa leso mbili za mkononi na utepe. Baadaye aliiuzia haki hiyo, kwa dola 1,500, kampuni ya koseti, yale mavazi magumu ya kubana kiuno. Leso mbili tu! Miaka ya 1920 mtindo ukataka kifua bapa na mwili ulionyooka, na ningekuwa mume wa zama hizo ningeiomba historia isimame hapo hapo. Haikusimama: mwaka 1947 mbunifu wa mavazi Christian Dior alikirudisha kiuno cha nyigu jijini Paris, na vikulabu vya kufungia koseti navyo vikarudi.

Vikulabu hivyo ndivyo vilivyonifikia mimi. Kila panapokuwa na harusi mke wangu, Mama Zawadi, huniita chumbani kuufunga mkanda wake wa kubana tumbo, wenye safu tatu za vikulabu vidogo mno, ambavyo kimoja kikiingia, cha juu yake huchomoka.

“Baba Zawadi, unavuta au unapapasa?” huulizwa, huku jasho likililowesha shati nililokwisha kulipiga pasi.

Tukifika ukumbini, mkanda haumruhusu mwenzangu kumeza zaidi ya vijiko viwili vya pilau, na kwa kuwa chakula tulichokichangia hakiwezi kuachwa mezani, sahani yake husogezwa kwangu. Nikiimaliza, Mama Zawadi hukitazama kitambi changu, kisha huniomba kwa upole nisimame nyuma ya watu wakati wa kupiga picha.