Jirani wa Makumi Naye Hana Kitu

Daftari la hesabu la mtoto limerudi. Namba nne kosa, namba sita kosa, na chini yake wino mwekundu: "Mzazi fuatilia." Jamani, mzazi alifuatilia! Hayo makosa ndiyo ya mzazi mwenyewe!

Namba nne ni 52 kutoa 27. Mtu mzima na ndevu zake anajiweka sawa kwenye kiti, anakohoa kidogo kama mkaguzi wa elimu. "Mbili kutoa saba haiwezekani. Tunakwenda kukopa kwa jirani." Mtoto anatupa jicho dirishani. Jirani yupi? Jirani wa makumi, mwanangu. Ana 5, anatoa 1, anabaki na 4. Ile 1 ikifika huku ni 10, pamoja na 2 zetu ni 12. Toa 7, zinabaki 5.

"Baba, tumekopa moja, mbona zimefika kumi?"

Kimya.

"Na tutamrudishia lini?"

Hapo heshima ya mzee inaanza kuvuja. Hili neno "kukopa" ndilo linalotuponza, kwani hakuna aliyekopa; ni fungu limefunguliwa basi. Chomoa vijiti 52 kwenye fagio la chelewa, funga kumi kumi kwa mpira: mafungu 5 na vijiti 2 vya pembeni. Unatakiwa kutoa 7 na mkononi una 2? Mpe mtoto avue mpira wa fungu moja kwa mkono wake, aone moja inavyogeuka kumi. Penseli baadaye. Ukianza na penseli, atageuza kibao: 7 kutoa 2 ni 5, 5 kutoa 2 ni 3, jibu 35. Ukiona 35 usigombe, ujue tu kageuza. Jibu ni 25.

Sasa namba sita: 502 kutoa 27. Unabisha hodi kwa jirani wa makumi, naye ana sifuri! Mwezi umemkalia vibaya kama wewe. Inabidi naye akabishe kwa mamia. Mamia anabaki na 4, makumi anapata 10, anakukatia 1, anabaki na 9. Hiyo 9 ndiyo wazazi tunayoisahau. Tunamwachia 10 zake zote, tunaandika 485 kwa kujiamini. Jibu ni 475. Jirani akukopeshe na mfuko usipungue? Huyo haishi mtaa huu. Na vijiti 502 utavitoa wapi, wakati hivi 52 tu mama watoto keshauliza mara mbili fagio lake limeliwa na nini?

Kusoma nako ni mtihani. Mtoto anateremsha ukurasa mzima kama maji, unampigia makofi, kumbe macho yake yapo kwenye televisheni. Kakariri! Funika picha, mwoneshe maneno kuanzia chini kwenda juu. Akikwama kwenye "ng'ombe", mkatie: ng'o-mbe, kisha weka "ngoma" pembeni asikie tofauti. Dakika 15 zinatosha, lakini iwe kabla ya ugali. Baada ya ugali unamsomea mto.

Wapo wanaomwandikia mtoto kazi kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane. Mwalimu anajua, kaka.

Na lile kundi la wazazi kwenye simu! Saa tatu na nusu usiku: "Kesho kila mtoto aje na manila moja na boksi tupu." Mangi wa duka kafunga saa tatu.

Halafu penseli. Jumatatu ndefu, Jumatano kipande cha kidole, kwa sababu inachongwa kwa wembe, ikidondoka chini risasi ya ndani inavunjika, chonga tena, ivunjike tena. Ufutio nao unalowekwa mate, karatasi inatoboka, halafu tunaambiwa daftari chafu. Chafu! Njoo ukae hapa wewe uone, na mita ya umeme nayo ndiyo hiyo imeanza kulia, tititi, nani ana elfu mbili humu ndani?