Sikummwagia Mama Mkwe Uji

Kwa kuwa jirani yangu amekwisha kusambaza katika kundi la mtaa kwamba nilimmwagia mama mkwe uji wa moto, nalazimika kueleza, kabla habari haijawafikia wazee wangu kule kambini Bombo, kwamba haukuwa uji wala haukuwa wa moto.

Mnaijua bustani yangu ya uani hapa Ntinda, Kampala, ile ninayowachosha kwa picha zake kila Jumapili: saladi zinazoota ndani ya mabomba ya plastiki bila chembe ya udongo, mizizi ikinyweshwa maji yenye virutubisho. Virutubisho hivyo huja katika madumu mawili, A lenye nitrati ya kalsiamu na B lenye fosfati na salfeti, na kila moja humiminwa peke yake ndani ya tangi lililojaa maji, kwa sababu yakikutana yangali makali, kalsiamu hushikana na salfeti ikawa jasi, unga mweupe kama chokaa. Hayo niliyajua, hata ninyi nimewahi kuwafundisha, tena kwa majivuno. Lakini Jumamosi mama mkwe alikuwa ameketi pale na gomesi yake ya kijani, lile vazi la wanawake wa Uganda lenye mabega yaliyochongoka, nami kwa haraka ya mtu anayetazamwa nikachanganya yote katika ndoo moja.

Ndoo ikawa nyeupe. Nikajiambia ni povu, nikaimimina tangini, nikawasha pampu.

Kwanza pampu ilikohoa. Kisha mpira unaopanda kwenye bomba la juu ukavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, nami, badala ya kuzima umeme, nikainama kuuchungulia. Ukachomoka, ukapita sikioni mwangu, na ule weupe ukatua kwenye bega la gomesi, pale palipochongoka, ukateremka taratibu hadi kwenye mshipi. Nikanyakua taulo, nikapiga hatua nne mkono nimeunyosha, ndipo nikakumbuka kwamba Buganda mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake. (Msicheke kwanza.) Nikaganda mguu mmoja hewani, yeye akarudi nyuma na kiti chake, nami nikarudi nyuma na taulo langu, mpira ukiendelea kutumwagia sote wawili bila ubaguzi.

Mke wangu akazima pampu, saladi zikanyauka, nami tangu hapo nasugua jasi kwa mswaki. Jana mama mkwe ameagiza, kupitia kwa binti yake bila shaka, akiuliza iwapo ile dawa nyeupe yafaa kwa migomba.